Uuguzi: Njia ya Mkato au Ngazi kwa Ngazi?

Mazungumzo kwa vikundi vya wahitimu wa kisomo, Kibiti na delta ya Rufiji



Leo tuzungumze jambo linalosumbua nyumba nyingi katika wilaya zetu za Kibiti na Rufiji. Jambo lenyewe ni hili: kijana wetu anataka kuwa muuguzi. Je, asome kozi gani? Asome kwa miaka mingapi? Aanze chini apande pole pole, au atafute njia ya haraka ya kufika juu?

Wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya wasomi. Sisi tumejua kusoma ukubwani. Tutajuaje mambo ya vyuo?" Hapana, ndugu! Mlipaji wa ada ni nani? Ni sisi. Anayeuza ufuta na korosho ili mtoto aende chuo ni nani? Ni sisi. Anayetoka alfajiri kwenda kuvua kamba ni nani? Ni sisi. Mwenye kulipa ana haki ya kujua analipia kitu gani. Na mtu aliyehitimu kisomo anaweza kusoma barua ya chuo, risiti na cheti. Basi kazi hii ni yetu.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kwetu

Tutazame kwanza nchi yetu ilivyo. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika mikondo mingi. Katikati ya mikondo hiyo kuna mikoko, mashamba ya mpunga na vijiji. Katika kata za Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala, watu wengi husafiri kwa mtumbwi au kwa boti. Safari hufuata maji. Maji yakijaa unapita, yakipwa unangoja.

Sasa fikiri mama ameshikwa na uchungu usiku, na maji yamekupwa. Boti haipiti. Hospitali iko mbali. Anayetegemewa hapo ni yule aliyepo kijijini. Kama yupo muuguzi mkunga aliyefundishwa vizuri, mama huyo ana nafasi kubwa ya kupona. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki kwa saa chache tu. Dawa ipo, nayo ni sindano ya oksitosini, ambayo hutolewa mara mtoto anapozaliwa. Lakini dawa hiyo inatakiwa itunzwe kwenye baridi. Inamtaka mtu anayejua kiasi chake, anayejua kulikanda tumbo la uzazi, na anayejua ni wakati gani wa kusema, "Huyu lazima apelekwe mbele." Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa kubahatisha.

Mwaka 2007 Serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ambao watu wengi waliuita MMAM. Shabaha yake ilikuwa kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi walichangia mchanga, mawe na nguvu zao. Majengo mengi yalisimama. Lakini jengo halichomi sindano, wala halipimi mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Anayefanya hayo ni mtu.

Na sisi wa Rufiji tunao ushahidi wa jambo hili. Kuanzia miaka ya 1990 kulikuwa na mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji. Mradi ule uliwasaidia viongozi wa afya wa wilaya kujua magonjwa yanayoua watu zaidi, na kupeleka fedha na mafunzo huko. Katika muda wa miaka kama mitano, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Fedha iliyoongezwa haikuwa nyingi sana. Kilichosaidia ni kuipeleka mahali panapostahili, na kuwa na watumishi wanaojua kazi katika zahanati. Kwa hiyo tunapomchagulia kijana kozi, tunachagua pia ni nani atakayetupokea siku tukiugua.

Ngazi za uuguzi katika nchi yetu

Mtu asiyejua ngazi atapotea njiani kama nahodha asiyejua mkondo. Basi tuzipande moja moja.

Ngazi ya kwanza ni astashahada, yaani cheti. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne husoma miaka miwili. Akimaliza na kufaulu huwa muuguzi wa cheti.

Ngazi ya pili ni stashahada, ambayo wengi huiita diploma. Hii ni miaka mitatu. Kwa hesabu za vyuo, mwaka wa kwanza huitwa ngazi ya 4, wa pili ngazi ya 5, na wa tatu ngazi ya 6. Ndiyo maana wa cheti huishia ya 5, na wa stashahada humaliza ya 6. Ukisikia chuo kinasema "NTA level 6", maana yake ni hiyo.

Ngazi ya tatu ni shahada ya kwanza, yaani digrii. Hii ni miaka minne chuo kikuu, kisha mwaka mmoja wa kazi chini ya uangalizi hospitalini. Shahada ya uuguzi ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1988. Leo inafundishwa pia Dodoma, Bugando huko Mwanza, KCMC huko Moshi, na katika vyuo vikuu vingine.

Ngazi ya nne ni shahada ya uzamili. Huyu sasa ni muuguzi aliyebobea katika jambo moja, kwa mfano ukunga, afya ya akili, au wagonjwa mahututi. Kwa kawaida ni miaka miwili baada ya shahada ya kwanza ya uuguzi.

Kupanda ngazi si jambo jipya. Katika miaka ya 1970, Serikali iliwafundisha wasaidizi wa afya ya mama na mtoto kwa miezi 18, wakapelekwa vijijini. Wazee wetu wanawakumbuka, maana ndio waliopima watoto kwenye mizani na kuwapa chanjo. Baadaye wengi wao walirudi darasani, wakaongezwa elimu na daraja. Hakuna aliyewaambia, "Ninyi mlianzia chini, basi kaeni huko huko."

Kuna pia mafunzo mafupi zaidi. Mwaka 2011 Taasisi ya Afya ya Ifakara ilianza kuwapeleka vijijini wahudumu walioitwa WAJA katika wilaya za Rufiji, Kilombero na Ulanga. Walisoma miezi tisa. Walitembelea nyumba, wakatoa ushauri, wakatibu maradhi madogo. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini mhudumu wa jamii siyo muuguzi. Hasajiliwi na Baraza la wauguzi. Kwa hiyo kijana akija na karatasi ya kozi ya miezi sita au tisa akasema, "Nikimaliza nitakuwa nesi," mwambie, "Ngoja kwanza, mwanangu. Tuulize."

Mfano wa kwanza: binti wa Kidato cha Nne

Tuchukue binti wa Nyamisati aliyemaliza Kidato cha Nne. Amefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia, na somo jingine moja. Hayo ndiyo masomo yanayotazamwa kwanza na vyuo vya uuguzi vya stashahada. Anazo njia mbili mbele yake.

Njia ya kwanza ni kwenda moja kwa moja kwenye stashahada. Miaka mitatu, kisha mtihani wa leseni, kisha anatafuta kazi.

Njia ya pili ni kwenda Kidato cha Tano na cha Sita, miaka miwili. Akifaulu vizuri masomo ya sayansi anaomba shahada, miaka minne. Halafu mwaka mmoja wa uangalizi. Tujumlishe: 2 na 4 na 1, jumla 7.

Je, ipi ni bora? Wengi watajibu haraka, "Digrii!" Lakini tufanye hesabu kwa utulivu. Wa stashahada anaweza kuwa ameanza kazi wakati mwenzake anasoma mwaka wa kwanza au wa pili wa chuo kikuu. Anapata mshahara. Anawasaidia wadogo zake. Baadaye anaweza kuomba shahada kwa kutumia stashahada yake, iwapo wastani wake ni mzuri. Kwa vyuo vikuu vyetu, wastani unaotajwa kwa kawaida ni GPA ya 3.0 au zaidi. Kwa hiyo aliyekwenda stashahada hajafunga mlango wa shahada. Ila akipita pita tu, akapata alama za kuvukia, hapo ameufunga mwenyewe.

Upande wa pili nao una faida zake. Mwanafunzi wa shahada anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi mwaka 2005. Mkopo unaweza kumsaidia ada, chakula na malazi. Wa stashahada kwa miaka mingi alitegemea mfuko wa mzazi. Mwaka 2023 Bodi ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada pia, lakini kwa kozi zilizochaguliwa tu. Sikilizeni vizuri hapo. Tangazo likisema "kozi za afya", haina maana ni kila kozi ya afya. Soma orodha ya mwaka ule. Tafuta neno uuguzi kwa kidole chako mwenyewe. Kama halimo, usipange bajeti ya nyumba kwa kutegemea mkopo.

Tena, mkopo siyo zawadi. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Katika kila shilingi 100,000 za mshahara, 15,000 zinakwenda kulipa. Si vibaya, maana wengine nao wapate kukopa. Lakini kijana ajue mapema.

Basi jibu letu ni hili. Kama nyumba haina uwezo wa kungoja miaka saba, na binti ana moyo wa kazi, stashahada ni njia njema na haina aibu. Kama binti amefaulu sana na nyumba inaweza kuvumilia, aende Kidato cha Tano. Astashahada ya miaka miwili tungeishauri pale tu ambapo mwaka wa tatu hauwezekani kabisa. Mwaka mmoja zaidi unampa daraja kubwa zaidi kwa maisha yake yote.

Mfano wa pili: muuguzi aliye kazini

Sasa tumtazame muuguzi wa cheti aliye katika zahanati ya delta. Amefanya kazi miaka mingi. Amezalisha akina mama usiku kwa mwanga wa tochi. Sasa anataka kusoma zaidi. Huyu mambo yake ni tofauti.

Kwanza, asianze upya kama mtoto wa shule. Ziko kozi za kujiendeleza ambazo humhesabia mtu elimu aliyo nayo. Kwa mwenye stashahada anayetaka shahada pia ziko, kwa mfano Chuo Kikuu cha Aga Khan huko Dar es Salaam kinajulikana kwa kuwafundisha wauguzi walio tayari kazini. Aulize: "Nilichosoma kitahesabiwa? Nitasoma miaka mingapi kamili?"

Pili, apate ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kuondoka. Ruhusa ya mdomo haitoshi. Watu wameondoka kwa maneno matupu, wakarudi wakakuta mshahara umesimama.

Tatu, na hili ni letu sote, nani atabaki zahanati? Hapa pana ubishi wa kweli. Zahanati ikiwa na wauguzi wawili na mmoja akaenda kusoma, anayebaki analala saa ngapi? Wengine watasema, "Basi asiende." Sisi hatukubali. Muuguzi akizuiwa kusoma, ataondoka tu siku moja, na hatarudi tena. Afadhali kijiji kikae na uongozi wa zahanati, wapeleke habari Halmashauri mapema, mwenye zamu apatikane, ndipo aende. Safari iliyopangwa haiachi mgonjwa mlangoni.

Mfano wa tatu: kijana mwenye digrii ya kitu kingine

Siku hizi wako vijana waliosoma chuo kikuu mambo mengine. Mmoja amesoma ualimu wa Baiolojia, mwingine biashara. Ajira haijapatikana. Amesikia kwamba ng'ambo mtu mwenye digrii yoyote anaweza kuingia moja kwa moja kwenye uzamili wa uuguzi, akatoka muuguzi kwa muda mfupi. Anamwambia mzazi, "Baba, tuuze shamba. Mimi nikirudi nitakuwa juu ya wote."

Je, kozi hizo zipo kweli? Ndiyo, zipo, hasa Marekani. Chuo Kikuu cha Yale kilianzisha kozi ya aina hiyo mwaka 1974. Baadaye vyuo vingi vilifuata. Mwanafunzi huja na shahada ya fani nyingine. Hufundishwa uuguzi wa msingi kwa haraka, halafu huendelea na uzamili. Kozi hizo huchukua kama mwaka mmoja na nusu hadi mitatu, kutegemea chuo.

Lakini hata huko siyo zote ni sawa. Ziko aina tatu, na jina linaweza kumchanganya mtu. Aina ya kwanza inampa mtu shahada ya kwanza ya uuguzi kwa kasi, kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Hiyo siyo uzamili. Aina ya pili inampa uzamili, lakini akitoka ni muuguzi wa kawaida wa wodini. Aina ya tatu inampa uzamili na ubingwa wa jambo maalumu, nayo huwa ndefu zaidi. Mtu anaweza kulipa fedha za aina ya tatu akidhani atapata kitu fulani, kumbe amejiandikisha aina ya pili. Na aina zote humtaka afanye mtihani wa leseni wa huko, uitwao NCLEX, kabla ya kugusa mgonjwa kama muuguzi kamili. Digrii bila mtihani huo haimpi kazi ya uuguzi.

Gharama je? Ni makumi ya maelfu ya dola za Marekani, mbali na nyumba, chakula na bima. Na kwa sababu masomo yanakimbizwa, mwanafunzi hapati nafasi ya kufanya kibarua. Shamba la korosho la hapa Kibiti haliwezi kubeba mzigo huo peke yake. Asiye na mfadhili aliyejulikana, mwenye barua mkononi, asiuze hata mti mmoja.

Na hapa kwetu je? Hapa kwetu uzamili wa uuguzi humtaka mtu awe na shahada ya uuguzi kwanza. Mwalimu wa Baiolojia hawezi kuruka akaingia uzamili wa ukunga. Itambidi aanze stashahada, miaka mitatu, au shahada, miaka minne. Anaweza kuona ni uonevu. "Mimi nina digrii, eti nikae na vijana wa Kidato cha Nne?" Ndiyo, kaka. Baiolojia uliyosoma itakusaidia darasani. Lakini kumgeuza mgonjwa kitandani, kufunga kidonda, kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni, kumwambia mzazi habari mbaya, hayo hukuyasoma. Yanataka saa nyingi wodini. Hata huko Marekani hawazifuti saa hizo, wanazibana tu. Na mtu akisoma nje, akirudi hapa lazima vyeti vyake vikaguliwe na asajiliwe na Baraza letu kabla ya kufanya kazi.

Kwa kijana huyo tunashauri hivi. Kama anataka kuwa karibu na wagonjwa haraka na kwa gharama ndogo, stashahada ya miaka mitatu. Kama anatafuta ualimu wa wauguzi au uongozi baadaye, shahada ya miaka minne, halafu uzamili. Na kama ana mfadhili wa kweli wa nje, aende, lakini asome kwanza ni aina ipi kati ya zile tatu.

Maswali saba ya kuuliza chuo

Ndugu, chukueni daftari. Andikeni maswali haya. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, ulizeni:

1. Je, chuo hiki kimesajiliwa? Vyuo vya astashahada na stashahada husimamiwa na NACTVET, zamani NACTE. Vyuo vikuu husimamiwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Kila mwaka vyombo hivi hutoa kitabu cha mwongozo. Jina la chuo na jina la kozi yote mawili yawemo. Chuo kinaweza kuwa na usajili, lakini kozi ya uuguzi isiwemo.

2. Je, mwanafunzi akimaliza ataruhusiwa kufanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania? Baraza hili linafanya kazi kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Bila usajili na leseni ya Baraza, cheti cha chuo hakimruhusu mtu kumhudumia mgonjwa.

3. Mafunzo ya vitendo yanafanyika hospitali gani? Wanafunzi wangapi kwa mkunga mmoja? Wodi ikijaa wanafunzi, kila mmoja anaona kisogo cha mwenzake tu.

4. Wanafunzi wangapi walifaulu mwaka jana, kati ya wangapi walioanza? Chuo kizuri hakiogopi swali hili.

5. Ada yote ni kiasi gani, siyo ya muhula mmoja tu? Ongeza sare, vitabu, mitihani, bima, malazi na nauli.

6. Ada inalipwa kwa awamu ngapi, na lini? Sisi fedha zetu zina msimu. Ya ufuta huja katikati ya mwaka. Ya korosho huja mwishoni mwa mwaka. Ukijua awamu, unaweza kupanga mauzo yako bila kukimbilia mkopo wa riba mtaani.

7. Nikimaliza, cheti hiki kitaniruhusu kusoma ngazi gani inayofuata?

Chuo kikijibu maswali yote saba, endeleeni. Kikikwepa mawili au matatu, ondokeni. Viko vyuo vingine. Upande wetu wa Pwani kuna Kibaha, chini ya Shirika la Elimu Kibaha, na kuna Bagamoyo. Kusini kuna Ndanda. Dar es Salaam kuna Muhimbili.

Jihadharini pia na madalali. Siku hizi maombi hufanywa kwa mtandao. Mtu asiyejua simu ya kisasa humpa mwingine amjazie. Hapo ndipo anapotokea mjanja na kusema, "Nipe laki mbili, nafasi ipo." Nafasi ya chuo hainunuliwi barabarani. Ada hulipwa kwa namba ya malipo au akaunti ya chuo, na risiti hutolewa. Kama mnahitaji msaada wa kujaza fomu, nendeni kwa mwalimu wa sekondari iliyo karibu.

Neno la ukweli kuhusu ajira

Hatutaki kuwadanganya. Kumaliza chuo siyo kuajiriwa. Wako wauguzi wenye leseni waliokaa nyumbani wakingoja tangazo la Serikali, huku zahanati zikiwa na upungufu. Hili ni jambo la kusikitisha, na ni haki ya wananchi kulisemea kwa madiwani na wabunge wao. Lakini kijana naye awe tayari kuomba kila mahali: Serikali, hospitali za mashirika ya dini, za watu binafsi, na kazi za kujitolea. Na aliye tayari kwenda Kiongoroni au Msala asifichwe utayari wake. Auandike katika barua yake.

Hapo tunafika kwenye jambo letu sisi wanakijiji. Wageni wengi wakipangiwa delta huogopa maji, mbu na upweke. Siyo kwamba ni watu wabaya. Hawakuzaliwa na kasia mkononi. Lakini binti wa Salale anajua bamvua na maji mafu. Anajua mkondo upi unapita wakati gani. Ndugu zake wako hapo. Kijiji kinachomsaidia mtoto wake kusoma kinajipatia mkunga ambaye hatakimbia mvua ya kwanza. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vinaweza kumkopesha mzazi ada ya awamu moja kwa masharti nafuu. Serikali ya kijiji inaweza kutenga chumba cha muuguzi chenye mlango unaofungika na choo kizuri. Haya hayangoji mfadhili.

Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, wakachimba vyoo. Wengi wao hawakuwa wamesoma shule. Walijifunza kwa kuulizana. Na sisi tuulizane hivyo hivyo juu ya jambo hili, kabla kijana hajapanda basi na kabla shamba halijapata mnunuzi.

Basi ndugu, tukumbuke machache. Njia ya haraka siyo mbaya ikiwa inafika. Njia ndefu siyo nzuri kwa sababu tu ni ndefu. Tuulize kwanza inafikisha wapi, kwa gharama gani, na je, mwisho wake kuna leseni? Muuguzi wa stashahada anayejua kazi yake ataokoa maisha leo. Kesho atapanda ngazi, na sisi tutampigia makofi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, wauguzi ni wangapi? Wana daraja gani? Waulizeni kwa heshima.
2. Binti amefaulu Kidato cha Nne. Baba anataka asome stashahada, mama anataka aende Kidato cha Tano. Andikeni hesabu ya miaka na ya fedha ya kila njia.
3. Muuguzi wenu akienda kusoma mwaka mmoja, mtafanya nini ili zahanati isifungwe?
4. Someni barua moja ya chuo iliyopo kijijini. Ni maswali mangapi kati ya yale saba ambayo barua hiyo inayajibu?

Kazi njema, ndugu. Elimu haina mwisho.